Kura kumi na moja kwenye kamba ya dobi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Dada Povu amekaa kwenye kigoda chake kifupi, mabeseni matatu mbele yake, sketi ameikunja magotini. Anafua na kupiga soga kwa wakati mmoja, na vyote viwili anavifanya kwa kasi.

"Mimi nguo za watu sizijui," anatamba. "Ikishazama kwenye beseni ni kitambaa tu. Sijui ya nani, sijui jana ililala wapi. Dobi hana habari, mwanangu. Andika hivyo."

Mwandishi wa makala haya anaandika hivyo. Kabla hajafika kwenye nukta, Dada Povu anavuta shati jeupe kutoka kwenye rundo, anachungulia kola, ananusa mfuko, kisha analigombeza shati kana kwamba lina masikio.

"Wee mwalimu wa hesabu! Umerudia tena sigara? Si ulimwapia mkeo?"

Dada Povu anamtazama mwandishi. Mwandishi anaitazama kalamu.

"Hilo hukulisikia," anasema mama huyo, na kulitosa shati majini. Kwa faida ya wasomaji, ieleweke kwamba shule zetu zina walimu wa hesabu wengi.

Ukweli ni kwamba mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba, anayefua nguo za karibu nyumba sitini, anajua zaidi ya anavyokiri. Anajua nani ameachwa, maana huleta mashuka ya mtu mmoja. Anajua nani ameanza kazi mpya. Na tangu siku ya kura ya maoni, anajua jambo ambalo nusu ya mji ilimtaka aliseme, na ambalo lilikaribia kumkosesha ndugu pekee aliyenaye.

Ndugu huyo yupo hatua nne nyuma yake, kwenye meza ya kupigia pasi, akipepea mkaa kwa kipande cha boksi. Wateja humwita Mistari, kwa jinsi suruali inavyotoka mikononi mwake ikiwa na mstari ambao unaweza kukatia mkate. Ni mdogo wake kwa miaka sita. Mama yao aliwaachia mabeseni, pasi moja ya mkaa na sharti moja: unachokiona kwenye nguo ya mteja kiishie kwenye beseni.

Mtaa wao hauna bomba. Dada Povu hununua madumu ishirini na mbili ya maji kwa siku, na anasema katika kila nguo kumi anazofua, nguo tatu zinalipia maji tu. Walichonacho kwa wingi ni jua na nafasi: nyuma ya nyumba upo uwanja wa mji, na kamba zao zimevuka humo kwa miaka ishirini bila mtu kuwauliza.

Basi baraza la mji likaja na swali lake. Uwanja ugeuzwe stendi ya mabasi, na fedha zitakazopatikana zivute mabomba hadi mtaani? Ndiyo au hapana?

Swali hilo liliingia nyumba hii na kukaa katikati kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mimi nilisema ndiyo," anaeleza Dada Povu. "Bila maji utaanika nini?"

"Na mimi nikasema hapana," anadakia Mistari kutoka nyuma. "Bila pa kuanika utavaa nini? Maji?"

Wanacheka wote. Hawakuwa wakicheka mwezi uliopita.

Matokeo yalitoka: ndiyo 3,218, hapana 3,207. Tofauti, kura kumi na moja. Zilihesabiwa tena, zikarudi zile zile. Mji ukapasuka kama mshono wa suruali mbele ya wakwe. Upande mmoja ukasema mshindi ni mshindi hata kwa moja. Upande wa pili ukaunda kamati ya kupinga matokeo, ukidai kuna watu waliolala nyumbani siku hiyo na bado majina yao yakaonekana yamepiga kura. Saluni zikagawanyika. Duka la mkate likapoteza wateja kwa kuwa mwenye duka alitabasamu siku isiyofaa.

Mwenye kupiga kelele kuliko wote kwenye kamati alikuwa Mistari.

"Kumi na moja si ushindi, ni timu ya mpira!" alikuwa akitangaza, pasi mkononi, hadi mvuke ukawa unatoka pande mbili.

"Na timu hiyo imeshinda," dada yake alikuwa akimjibu.

Hadi hapo ulikuwa utani wa nyumbani. Kilichouharibu ni wino.

Siku ya kura, kila aliyepiga alichovywa kidole kwenye wino wa zambarau, na kadi yake ikatobolewa kona. Sasa mtu akitoka pale, kidole kibichi, anafanya nini? Anarudisha kadi kwenye mfuko wa shati. Kwa wiki nzima Dada Povu alipokea mashati yenye doa moja dogo la zambarau kwenye ukingo wa mfuko. Alijaribu sabuni, ndimu, chumvi. Halikutoka.

"Nilikuwa nacheka peke yangu," anasema. "Wale waliokuwa wakitukanana barabarani, mashati yao yamelala hapa yamekumbatiana, doa mahali pale pale."

Mistari naye aliyaona madoa. Na akili yake ikaenda mbio kuliko busara. Jioni moja alimwambia dada yake kwamba kamati imepata shahidi.

"Nani?"

"Wewe. Wewe unajua shati gani lilikuja na doa na lipi lilikuja safi. Ututajie masafi, tulinganishe na daftari la waliopiga kura. Kazi imekwisha."

"Siwezi, mdogo wangu."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

"Wamekuahidi bomba la mlangoni, siyo?"

Dada Povu anasema angeweza kuvumilia maneno yote isipokuwa hayo. Kesho yake Mistari alibeba pasi, meza na gunia la mkaa, akahamia kwenye kibaraza cha fundi redio, ng'ambo ya barabara. Hatua kumi na nne, mwandishi amezipima.

Zikafuata siku kumi na tisa ambazo wateja wao hawatazisahau. Dada hajui kupiga pasi ya maana, na mdogo mtu hajui kufua hata leso. Kwa hiyo mteja alichukua nguo zikiwa zimefuliwa upande huu, akavuka nazo barabara, na akalazimika kubeba na maneno.

"Mwambie aliyeko huko kwamba hili ni la hariri, moto uwe mdogo."

Mteja anavuka. "Anasema moto uwe mdogo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie aliyenifundisha kutounguza hariri kwamba sijaiunguza bado."

Mteja anarudi. Dada Povu anainama kwenye beseni, anafua kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mchana, bakuli la chakula lilivuka barabara ndani ya beseni, limefunikwa taulo, mikononi mwa yeyote aliyekuwa akipita. Bakuli lilirudi tupu, limeoshwa. "Siku hizo, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu," anasema Dada Povu. Mara moja alichomeka gauni lake mwenyewe kwenye mzigo wa mteja, aone kitakachotokea. Lilirudi limenyooka, na kifungo cha shingoni kilichokuwa kimepotea tangu mwaka jana kimeshonwa.

"Nikalia kidogo," anakiri. "Kidogo tu. Nina kazi."

Lakini alichokuwa akikiogopa hakikuwa ugomvi. Wiki ile ya madoa, katika mashati yote ya nyumba yake, moja lilikuja bila tone la wino. La Mistari. Bwana mkubwa wa kupinga matokeo hakuwa amepiga kura.

Hapa mwandishi aliangua kicheko ambacho hakikuwa cha kitaaluma. Wasomaji wa gazeti hili watakumbuka kwamba ni mwandishi huyu huyu aliyeandika, wiki ya matokeo, kwamba watu waliokaa nyumbani siku ya kura ni "mizigo ya mji". Mistari aliendelea kupepea mkaa wake.

"Alikuja kunitaka niwataje wote wasio na wino," anasema dada mtu, sauti imeshuka, "na akasahau kwamba na yeye namfulia."

Siku baraza lilipokaa kusikiliza malalamiko, Dada Povu aliitwa. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mistari alikaa mstari wa mbele na kamati yake.

"Mama," mwenyekiti wa baraza alimuuliza, "mashati yasiyo na wino uliyaona?"

"Niliyaona, mzee wangu."

"Ya akina nani?"

"Hapo ndipo sisemi."

"Amelipwa madumu!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, ukumbi ukacheka. Mwingine akamwita mnafiki. Mwingine akasema nguo zake hatazileta tena, na wengine kadhaa wakaitikia kwamba hata wao.

Dada Povu alisimama pale, anakumbuka, mikono yake iliyochunuka na sabuni ameifumbata tumboni, kwa sababu kutaja angeweza, na jina la kwanza lingekuwa la aliyekaa hatua tatu mbele yake. "Nilimwangalia, nikamwona yule mtoto niliyekuwa namfunga vifungo kabla ya shule. Nikasema moyoni, wanitukane tu. Kesho nitatafuta wateja wengine."

Wakaendelea kumtukana. Ndipo Mistari, ambaye alikuwa wa kwanza kuona dada yake anamwangalia yeye na si mwenyekiti, akajishika mfuko wa shati, lile lile alilovaa siku ya kura. Akautazama ukingo wake. Ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Mwacheni dada yangu," alisema, akisimama. "Shati safi ni langu. Ananificha mimi."

"Hukupiga kura?" mwenyekiti wa kamati alimkaripia.

"Nilikuwa nawapigia nyie pasi! Alfajiri mlikuwa mlangoni, kila mtu anataka asimame kwenye foleni akiwa amenyooka. Nguo sitini na nne! Wewe ile suruali yako ya kaki, si ulinirudishia mara mbili? Nilipoinua kichwa, vituo vimefungwa. Nikaona haya. Nikaona nikipiga kelele sana hakuna atakayeniuliza."

Ukumbi ulicheka, na watu wachache, mwandishi ameambiwa, wakaonekana wakichungulia mifuko yao wenyewe.

Mji haujapatana, tusidanganyane. Kamati bado inakusanya saini, ingawa imepungukiwa na sauti. Wapo wanaosema kumi na moja ni nyingi, na wapo wanaosema ni aibu. Nyumba tisa hazijarudisha nguo zao kwa Dada Povu. Mistari mwenyewe hajabadili mawazo kuhusu uwanja.

"Matokeo siyapendi hata leo," anasema. "Lakini nimeyakubali. Ningeyakataaje, na nusu ya walioshinda niliwanyoosha mimi?"

Siku ile ile ya baraza, mchana, alivuka barabara na pasi yake. Alisimama mlangoni kama mteja mgeni. Dada Povu hakuinua kichwa. Alisogeza beseni moja kwa mguu, meza ipate kupita.

"Mkaa upo ndani," alisema.

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya siku kumi na tisa.

Sasa wana mipango. Stendi itakapoanza kujengwa, kamba zitahamia juu ya paa. Mistari ameshachora kwa chaki, kwenye meza yake ya pasi, nguzo sita na ngazi. Atakayepanda ni yeye, kwa kuwa goti la dada yake halitaki tena ngazi. Dada Povu amepima kwa macho mahali bomba litakapokaa, na kila mteja anayekuja huonyeshwa sehemu hiyo tupu ya ukuta kama vile maji tayari yanatoka. Na wanataka kibao cha biashara, cha kwanza tangu enzi za mama yao.

"Kiandikwe 'Povu na Mistari'," anasema dada.

"'Mistari na Povu'," anasema mdogo wake. "Mteja anaona mstari kwanza."

"Bila povu utapiga mstari wapi, kwenye jasho?"

"Basi tupige kura."

"Tuko wawili. Itatoka sare mpaka tuzeeke."

Dada Povu anageuka, uso umemchangamka. "Huyu hapa mwandishi. Apige ya tatu, atuamulie."

"Nani, huyu?" Mistari anaweka pasi chini, polepole. "Dada, huyu hapigi kura."

Anaingia ndani. Anatoka na shati la kijivu, limekunjwa vizuri sana, lile ambalo mwandishi wa makala haya alilileta kufuliwa asubuhi iliyofuata siku ya kura na kulisahau. Ukingo wa mfuko ni msafi. Ndani ya mfuko kuna kadi ya mpiga kura, iliyolowa, ikakaushwa, ikanyooshwa kwa pasi ya moto mdogo. Kona zake zote nne ni nzima.

Dada Povu amejifunika uso kwa sketi, mabega yanamtikisika. "Mimi sijasema kitu," anasema kutoka humo ndani. "Mimi nguo za watu sizijui."

Mistari anamkabidhi mwandishi shati lake kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Haya, ndugu yangu wa mizigo ya mji," anasema. "Wewe siku ile ulikuwa unampigia pasi nani?"