Nilipasuliwa Brussels, nikaficha panadol kwenye soksi za mtoto

Wakuu, habari za huko mliko. Mnaokula malizeni kwanza, humu kuna habari za mshono. Sitaongeza chumvi, aibu yote ni yangu.

Mimi ni Mtanzania, naishi Ixelles, hapahapa Brussels, na mume wangu, Mkongo wa Bukavu. Miezi minne iliyopita nilijifungua binti yetu kwa operesheni. Tulimsubiri miaka sita.

Mama yangu, yuko Tabora, aliomba kitu kimoja tu: picha nimembeba mjukuu wake.

Nikiwa wodini nesi akanieleza plan. Paracetamol (panadol hiyohiyo) kila baada ya saa sita, ibuprofen kila baada ya saa nane, maumivu yawepo yasiwepo. Dawa kali za jamii ya morphine zipo, ila ni mpaka hizi zishindwe. Akasisitiza nisisubiri kuumwa ndiyo nimeze.

Nikajisemea moyoni, huyu dada yuko serious? Nimekatwa tumbo, ananipa dawa ya kichwa?

Siku ya kwanza sikusikia kitu. Nikajiona chuma kabisa. Nikawaza, mama magoti yanamsumbua, na kuna mtu anasafiri kwenda nyumbani wiki ijayo.

Mlioko nje mnanielewa. Ukipewa kitu cha bure, akili inakimbilia begi la nyumbani.

Basi nesi akiweka vidonge nasema merci, akigeuka vinaingia kwenye soksi ya mtoto. Sikumeza hata kimoja.

(Kumbe dawa ya maumivu waliyochanganya na ganzi ya mgongoni ndiyo ilikuwa bado inanibeba. Hilo nililijua baadaye.)

Kesho yake asubuhi dawa hiyo ikaondoka bila kuaga. Jamani! Nilikohoa mara moja tu, machozi yakatoka.

Mtoto akaanza kulia kwenye kitanda chake, hatua moja kutoka kwangu. Nikashindwa hata kugeuka. Nilinyoosha mkono, haukumfikia. Miaka sita ya kumsubiri, halafu nashindwa kumnyanyua. Nililia kuliko yeye.

Hapo ndipo akaingia mama mkwe, Maman Riziki, katoka kwake Laeken na chupa ya uji. Akampakata mtoto, akaona miguu ina baridi, akachukua soksi amvalishe.

Vidonge vikamwagika sakafuni.

Akaviangalia, akaniangalia. Nikamweleza kwa kigugumizi kwamba ni vya magoti ya mama.

"Bon," akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Mama yako atapona magoti. Alors huyu mutoto, nani atamubeba?"



Akaenda kumwita nesi mwenyewe. Nesi hakunigombeza. Aliuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, nikasema tisa. Akanipa dozi, nikameza mbele ya macho yake, akasema zile dawa mbili zinasaidiana, ila lazima zifuate saa, na zikishindwa ataongeza kitu.

Hakukuwa na haja ya kuongeza. Jioni ile nilisimama, nikainama polepole, nikamnyanyua binti yangu. Mshono ulivuta, lakini ni maumivu ya kuvumilika. Maman Riziki akapiga picha, imetoka na ukungu, naipenda hivyohivyo.

Nyumbani tukaweka alarm ya dawa kwenye simu. Maman Riziki alitaka kunikanda tumbo kwa maji ya moto, mkunga aliyekuja kutukagua akakataa katakata, ikabidi anikande miguu.

Nilichojifunza: dawa ya maumivu baada ya operesheni humezwa kwa saa, hata ukijiona mzima, na ile unayoidharau ndiyo inaweza kukusimamisha. Wenye vidonda vya tumbo, pumu au figo, mwambieni daktari kabla ya ibuprofen.

Mama nilimtumia ile picha, nikamwambia ukweli wote kwa simu. Akasema:

"Panadol zimejaa duka la hapo jirani, mwanangu. Ningekutumia mimi."

Haya, akina mama mliopasuliwa, nani mwingine alijikaza akaumbuka? Semeni hapa chini, nisiwe peke yangu.