Mulamula wa Mawe

Krr, krr, krr. Jumamosi iliyopita sauti hiyo ilinifikia jikoni, hapa kwangu Bungulu, nikaacha sombe, kisamvu chetu, ichemke peke yake. Nilipochungulia nilimwona binti yangu uani, mguu mmoja juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasugua kisigino kwa jiwe jeusi lenye matundu matundu. Alikuwa amelitoa chini kabisa ya sanduku langu la vikwembe, yaani vitenge vyangu, mahali ambapo sikuwahi kumtuma.

"Mama, hii jiwe iko muzuri! Uliitoaka wapi?"

Nikamjibu, "Goma," kisha nikarudi jikoni kutafuta chumvi, na chumvi nilikuwa nayo mkononi.

Ninyi nitawaambia nilichoshindwa kumwambia yeye. Ila msianze kunihurumia mapema, maana kuna mtu mwingine anayestahili huruma hiyo kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Kimemi, pale Butembo, na nilikuwa mwimbaji wa mbele katika korali ya watoto ya kanisa letu. Wimbo ukianza, mimi ndiye niliyeuanzisha. Kiburi nilikuwa nacho cha kutosha korali nzima, sitawadanganya. Basi mwaka huo tukaalikwa Goma kuimba katika makutano ya makanisa. Nyumbani walinipikia mayai mawili, mayai mawili mtoto mmoja! Naye Mukaka, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, akanivuta pembeni.

"Masika, kule kwenye volkano kuko jiwe ya kusugua miguu. Uniletee moja."

Akanionyesha visigino vyake. Shamba lilikuwa limevipasua, na mpasuko mmoja ungeweza kumeza punje ya haragi. Nikaapa kwamba jiwe litafika.

Tulisafiri siku mbili nyuma ya lori, tukalala Kanyabayonga, na tulipofika Goma tulikuwa wekundu wote kwa vumbi, hata Monitrice Jeanne, mwalimu wetu wa korali, ambaye ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kung'aa. Wenzangu wanne nami tulipangiwa kulala kwa shangazi yangu, Tantine Kahindo. Majirani walimwita Mama Neema kwa jina la mtoto wake. Alikuwa mshonaji. Miaka michache nyuma mlima ulikuwa umetapika, moto ukashuka mpaka mjini ukala nyumba yake, na moto ulipopoa yeye akajenga ya mbao palepale, juu ya mawe. Wengi walifanya hivyo. Watu wa Goma wana shingo ngumu, nami nasema hivyo kwa kuwasifu.

Kesho yake tukapelekwa kuona volkano. Kwanza tuliingia katika nyumba ya kupokea wageni chini ya mlima. Kulikuwa na picha za moto ukutani, mawe ndani ya sanduku la kioo, na kitabu kikubwa cha kuandikia majina. Nililiandika langu kubwa hivi, likala mistari miwili. Kisha mwongozaji mmoja mwenye buti, mtu wa kucheka cheka, akatupeleka kwenye njia iliyokatwa katikati ya lava, kando kando imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Sikuwahi kuona nchi ya namna ile. Kwetu Butembo udongo ni mwekundu na ukitupa mbegu ya ndimu kesho ni mti. Kule chini kulikuwa kweusi, kumejikunja kunja kama bugali iliyoungulia chunguni, na kila hatua ililia kama umekanyaga vigae. Joto lilipanda kupitia sandali. Upepo ukigeuka, ulileta harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

"Batoto, muangalie na macho," mwongozaji akatuambia. "Jiwe hata moja haitoke hapa. Kila mugeni akibeba yake, kesho tutaonyesha bantu nini?"

Na hakuwa akitania. Wakati wa kutoka alisimama mlangoni, akatupapasa mifuko mmoja mmoja. Kambale, mvulana wa sauti nene, alitolewa mawe matatu, na la tatu lilikuwa ndani ya soksi. Tulicheka hadi Monitrice akatukemea. Lakini tulipopanda gari tulinuna. Tungerudi Butembo na nini mkononi? Nani angeamini kwamba tulifika?

Hapo ndipo kiburi changu kilipopata kazi.

"Muache kulia," nikawaambia. "Kwa tantine yangu mawe ni mingi, na hapana mulinzi."

Nyuma ya jiko la shangazi, upande wa jirani, palikuwa na lundo la mawe, kimo chake kilifika magotini pangu. Kumbukeni kwamba kila kitu pale kilikuwa mawe: uani mawe, njiani mawe, chini ya kitanda mawe. Ila ya lundo lile yalikuwa yamechaguliwa, mepesi, ya mviringo, matundu yake madogo yamepangana vizuri. Ungedhani kuna mtu alituokotea tayari. Shangazi alikuwa sokoni. Nikasimama juu ya lundo kama mwenye mali.

"Mubebe! Ni yetu hii."

Wakabeba. Mimi nikachagua lililo zuri kuliko yote, la Mukaka. Yaliyobaki tulichezea, tukayarusha huku na huku tukishindana nani atafika mbali, hata pale mahali pakawa sawa na mahali pengine popote. Jioni tukala sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, tukalala na furaha yetu.

Asubuhi, kelele za shangazi ndizo zilizotuamsha. Alikuwa nyuma ya jiko na beseni la maji machafu mkononi.

"Mulamula! Nani ametosha, nani ameng'oa mulamula yetu? Eeh, bantu ya Mungu, mukuje muone!"

Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Mulamula ni mmea wa majani marefu, haufi ovyo, nasi Wanande tunaupanda kwenye mpaka wa shamba na kwenye kaburi. Mtoto wa kwetu huujua kabla ya kujua kusoma. Hauchezewi, haukatwi, haufungiwi mbuzi. Anayeung'oa ameiba ardhi ya mwenzake na kuwatukana wazee wote waliolala chini yake. Mukaka alikuwa na neno lake: "Mupaka haitembeake yenyewe. Iko na miguu ya mutu."

Lakini mulamula haushiki juu ya lava. Shangazi na jirani yake, Baba Furaha, mzee wa kutoka Lubero, walikuwa wamejaribu mara mbili, ukakauka mara mbili. Moto ulikuwa umefuta mipaka yote. Kwa hiyo walihesabu hatua pamoja, kwa kukumbuka tu ua wa zamani ulipopita, wakachagua mawe mazuri, wakayapanga, na wakasema mbele ya majirani: haya ndiyo mulamula yetu. Mimi niliyejua kutoutikisa hata kwa kidole mulamula wa Butembo, nilikuwa nimeugawa wa Goma kama peremende.

Yote hayo niliyaelewa pale pale, nikiwa nimesimama na kitenge cha kulalia mabegani. Msiniambie kwamba nilikuwa mtoto sikuelewa.

Baba Furaha akatoka kwake, mswaki ungali mdomoni. Akatazama, akautoa mswaki.

"Mama Neema, hapana miye."

"Ni nani basi? Mupaka hii tuko nayo bantu wawili. Miye siwezi kujiibia!"

"Mama Neema. Machine yako ya kushona, nani aliibebaka ku kichwa siku ya moto? Godoro yangu iliungua sababu ya machine yako. Leo nije kuiba mawe?"

"Godoro ni godoro. Parcelle, hii kiwanja, ni parcelle!"

Majirani walikuwa wamejaa. Mmoja akaguna, mwingine akasema huyu mzee ana vijana wakubwa, wanataka kujenga, basi nafasi haiwatoshi. Baba Furaha alisikia. Akageuza macho, akatuona sisi watano mlangoni, na akaja mpaka kwangu kwa sababu nilikuwa mbele. Mbele ndipo nilipozoea kusimama. Akainama kidogo. Mdomoni alikuwa bado na povu la dawa ya meno.

"Mutoto wangu, jana mulikuwa hapa. Muliona mutu akigusa hii mawe?"

Wenzangu wanne wakanitazama mimi. Ndani, chini ya sare yangu ya korali, jiwe la Mukaka lilikuwa limelala ndani ya begi. Niliwaza fimbo ya baba. Niliwaza Monitrice akinitoa mstari wa mbele kesho, Jumapili, mbele ya makanisa yote. Hayo tu. Godoro la mzee sikuliwaza hata kidogo.

"Hapana, Baba," nikasema. "Hatukuona mutu."

Na niliposema hivyo nilimtazama machoni, kama tulivyofundishwa kuimba.

Saa sita wazee wawili wa kanisa wakaja, wakataka kila mmoja aape. Shangazi aliapa haraka. Baba Furaha akaingia ndani ya kiwanja chake mwenyewe, akahesabu hatua mbili kubwa kuelekea nyumba yake, akainama akaweka jiwe.

"Mutie hapa," akasema. "Miye siwezi kuapa Jina la Mungu juu ya mawe. Nimechoka."

Watu wakatikisa vichwa. Munaona? Angekuwa safi angetoa ardhi yake? Kesho yake shangazi alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu huwatetea wanyonge, na baada ya ushuhuda korali ikaitwa. Nikaanzisha wimbo. Niliimba vizuri, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, sauti haikutetemeka hata mara moja.

Mukaka alilifurahia jiwe lake miaka mingi. Kila aliposugua alinibariki, nami kila aliponibariki nilitafuta sababu ya kutoka nje. Alipofariki, mama akanipa jiwe kama urithi: "Chukua, ulimuleteaka wewe." Ningelitupa wapi? Mara moja nililipeleka hadi kwenye mto, nikarudi nalo.

Wakati ule nilidhani nimeponea. Mali ya shangazi haikupotea, iliongezeka, basi nani ameumia? Ilinichukua utu uzima, kuwa na kiwanja changu, na jirani wa kupakana naye, kuelewa. Mtu akishtakiwa kung'oa mpaka hana shahidi duniani isipokuwa yule aliyeung'oa. Wenzangu walinifuata mimi, kwa hiyo Baba Furaha alikuwa na shahidi mmoja tu. Alimwona, akamjia, akainama ili walingane kimo, na akamwuliza kwa adabu. Hatua zile mbili hakuzitoa kwa sababu alikuwa na hatia. Alizitoa kwa sababu mimi nilijibu. Baadaye shangazi alijenga jiko kubwa juu ya hatua hizo, na mtoto wa mzee alipooa alikosa pa kuweka chumba, akahamia mbali.

Jumamosi hiyo hiyo, binti yangu alipomaliza visigino vyake, nilimpigia shangazi simu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningekata simu.

"Masika," akasema shangazi, "nimepika ndani ya hii jiko miaka yote. Nimemupita ule mzee ku njia bila salamu miaka yote." Akavuta pumzi. "Nitaenda kwake. Utangoja."

Nilingoja hadi Jumatatu. Sauti yake ilikuwa imezeeka kwa siku mbili. Akasema mzee alimpokea, akamwekea kiti, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alimwambia kwamba ardhi ibaki, maana mtu havunji jiko la mwanamke mzee. Hakutukana, hakuuliza habari za baba yangu wala za fidia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni yule mtoto aliyesimama mbele ya wenzake mlangoni. Shangazi akamjibu kwamba ndiye.

"Sasa akasema nini?" nikauliza.

"Akasema: Lakini ule mutoto, miye nilimuulizaka."