Maji ya Leila

Mwanamisi hakuwa mtu wa kutupa chupa. Soda ikinywewa harusini, chupa ataiomba. Mwenye kibanda cha chipsi pale Mwihoko akimaliza mtungi wa mafuta, anajua wa kumpa. Ataubeba nyumbani, ausugue kwa sabuni na maji moto hadi utelezi uishe, halafu aunuse. Wa maziwa hakuutaka. Alisema harufu ya maziwa haitoki hata uoshe mpaka kiyama. Siku ambayo mfereji ulitoa maji, aliyachemsha, akayapoza, akayajaza na kuyapanga chini ya kitanda, mbali na jua.

"Mama Ikhlas, unafungua kiwanda?" jirani yake Ngendo humtania.

"Mfereji wa huku hauna ahadi, mama."

Zamani chupa hizo zilikuwa za dharura tu. Tangu dada yake Leila aje kukaa naye, zikawa za Leila. Ini lilikuwa limeharibika, na madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani. Maji ya kisima cha ploti waliyopanga yalikuwa na chumvi, akiyaonja tu anatapika. Ya Mwanamisi yalikaa tumboni.

Na Mwanamisi angemnyimaje? Mama yao alipofariki, kule Majengo ya Thika, Leila ndiye aliyeacha shule. Alichotea watu maji, mitungi mgongoni kwa kamba, ili mdogo wake asome. Hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja.

Kisha wachimbaji wa barabara wakapasua bomba. Mfereji ukakauka, mvua ikageuza njia kuwa matope, na lori la maji halikuweza kuingia. Nyumba nzima ikawa inaosha vyombo kwa maji ya chumvi, na hata hayo yakakoma pampu ilipoungua. Mwanamisi hakugusa za chini ya kitanda, isipokuwa kumpa Leila. Yeye na bintiye Ikhlas walinunua maji ya dukani kidogokidogo, wakanywa kwa kupimiana.

Jioni moja alimwinua dada yake, akampelekea kikombe mdomoni.

"Kunywa, Dada."

Leila alilowesha midomo tu. "Yaweke, Misi. Nitakunywa kesho."

Alfajiri hakuamka.

Bi Mbarika, mwosha maiti wa msikitini, alifika na wanawake wawili, wamebeba sanda na kafuri. Aliangalia karai tupu, akauliza maji yako wapi. Wakamweleza. Kaburi lilikuwa linachimbwa tayari.

"Maji yasipopatikana, dini imetupa tayamamu, udongo safi badala ya maji," akasema kwa upole. "Hakuna aibu, mwanangu."

"Maji yapo," akasema Mwanamisi.

Akapiga magoti, akaanza kuzivuta. Chupa za soda, mitungi ya mafuta, moja baada ya nyingine, mpaka chini ya kitanda pakabaki vumbi. Ikhlas akamsaidia kufungua vifuniko. Bi Mbarika akaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa, na Mwanamisi akamimina. Nywele za dada yake zilikuwa zimebaki chache. Ile mikono iliyokuwa ngumu kwa kamba za mitungi ilikuwa laini sasa, kwa ugonjwa.

"Haya nilimwekea anywe," akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

"Mimina, mama. Polepole."

Kabla ya kuosha mara ya mwisho, mlango ukagongwa. Ngendo alikuwa nje na mtungi mdogo, ule wa maji aliyokuwa amemwekea mtoto wake kwa ajili ya uji.

"Woiye, Mama Ikhlas. Sijui kama yangu yanakubaliwa kwenu."

Bi Mbarika akaupokea kwa mikono miwili. "Ni safi?"

"Ni safi."

"Basi yanakubaliwa." Akatia kafuri ndani yake.

Leila akazikwa kabla ya adhuhuri.

Mfereji ulirudi wiki iliyofuata. Ploti nzima ilishangilia, ndoo zikagongana ngazini. Mwanamisi alibaki ameketi kitandani. Mitungi ilikuwa mitupu kwenye kona na hakuitazama. Ni Ikhlas aliyechukua sufuria kubwa, akachota, akawasha jiko, kisha akaanza kujaza chupa mvuke ukiwa bado unapanda.

"Acha yapoe kwanza," Mwanamisi akasema kutoka chumbani. "Usifunge yakiwa moto, chupa itajikunja."

Ikhlas akaweka sufuria chini, akaenda kuketi karibu naye, na wakalia pamoja, maji yakipoa jikoni.