Ka ya Mwalimu Grady

Mwalimu Grady alifika Beni kutoka Mbandaka na sanduku moja, barua ya serikali, na Kiswahili ambacho kingeenea kwenye kizibo cha soda. Alitumwa kufundisha fizikia. Darasani hakupata taabu, maana atomu ni atomu kwa Kifaransa, na wanafunzi waliandika kila alichosema. Taabu ilimngoja nje ya lango la shule. Aliomba mayai, akaletewa maji. Kilingala chake, ambacho kwao kilimfungulia kila mlango, watu wa Bungulu, mtaa aliopanga, walikijua kwa nyimbo na kwa wanajeshi tu, basi akifungua kinywa walidhani ama ataimba ama ataomba vitambulisho.

Aliyemwokoa ni Bénite, fundi cherehani wa mtaa huo huo, binti wa watu wa Butembo. Grady alimpelekea suruali apunguze urefu. Suruali ilikuwa na urefu wake wa haki kabisa, lakini kijana alishamwona fundi. Juma lililofuata akaleta nyingine, na kabla nguo hazijamwishia mambo yakajulikana, na Bénite akaanza kumfundisha huku mguu uko kwenye cherehani. Hakujua sarufi wala hakuitaka. Kila neno alilitungia sentensi, mwanafunzi airudie, basi.

Neno lenyewe lilitokea siku ya vifungo.

“Buto hii iko moke,” alisema Grady, akiinua shati na kumwonyesha kifungo.

“Hapana moke! Kadogo. Kabuto kadogo. Sema.”

“Kabuto kadogo.”

“Kamutoto kadogo kamelala. Sema.”

“Kamutoto kadogo kamelala.”

“Kamawe kadogo kameingia mu kiatu yangu. Tutoto tudogo tunapiga kelele.”

Grady akafurahi kupita kiasi. Mtu wa fizikia ukimwonyesha mifano mitatu anaona sheria ya ulimwengu, na yeye akaiona papo hapo: weka *ka* mbele, kitu kinakuwa kidogo. Rahisi mno! Usiku akaziimba sentensi zake, asubuhi akarudi na maswali.

“Donc kanisa ni nisa kadogo?”

Bénite alicheka hadi akajichoma sindano. “Hapana, kanisa ni kanisa tu.”

“Na kazi?”

“Kazi ni kazi.”

“Na kahawa?”

“Grady, acha nishone.”

Laiti angeuliza na majina ya watu! Lakini hakuona sababu, kwa kuwa hapo alijiona amekwisha kuelewa. Darasani alikuwa na akina Kambale, Kasereka na Kakule, na wote walikuwa watoto. Ni wazi, basi. Walimu wenzake aliwajua kwa majina ya ubatizo. Akakata shauri kwamba Wanande, wenyeji wa huko, humpa mtoto *ka* akizaliwa, akikua anaiacha, kama kaptula. Sheria ilipendeza, na Grady hakupenda kusumbua sheria inayopendeza.

Huko Butembo, baba yake Bénite hakuwa amependezwa na chochote. Aliitwa Papa Kamate, muuza misumari na mabati, mzee wa kanisa. Alisikia kwamba binti yake amepata mwalimu wa serikali aliyetoka upande wa pili wa nchi, ambaye kesho atahamishwa aende naye kusikojulikana. Akampigia simu binti.

“Akuye hapa yeye mwenyewe. Aseme na sisi mu luga tunasikia. Mutu mi hapana sikia maneno yake, roho yake nitaijua aje? Akishindwa, mambo imeisha.”

Bénite alimweleza Grady yote, na akaongeza la kwake bila kumung’unya maneno: alimpenda, lakini hataolewa baba yake akiwa amenuna. Kijana hakulala vizuri tena hadi siku ya safari.

Wakaenda, yeye na Gamaliel, mwalimu wa dini, aliyechaguliwa kumsemea kama desturi inavyotaka. Njia nzima ya Butembo Grady alinong’ona sentensi zake. Gamaliel alijifanya amelala.

Sebule ilikuwa imejaa. Butembo kuna baridi, na Papa Kamate alikaa ndani ya koti lake kubwa, karibu yake mkewe Mama Katungu, kisha mashangazi kwenye viti vya vitambaa vya kufuma. Gamaliel alikohoa ili aanze. Mzee akamwinulia mkono.

“Wewe tunakusikia tangu zamani. Mi nataka kusikia huyu.”

Grady akasimama. Aliinama kidogo, vizuri kabisa, akasema kwa sauti ya darasani:

“Jambo sana, Papa Mate. Jambo sana, Mama Tungu.”

Papa Kamate alitoa leso mfukoni, akajipangusa mdomo upande huu na upande ule, akaitazama leso. Ilikuwa kavu. Grady akaona labda hakusikika, akapaza sauti.

“Nafurahi kukuona, Papa Mate! Butembo yote inamujua Papa Mate!”

Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Gamaliel alitazama dari kama anayemwomba Mungu kazi nyingine. Mlangoni pa jikoni alisimama Bénite, aliyetangulia kwao tangu jana yake, na sinia la vikombe, na vikombe vikaanza kugongana.

“Mate,” alisema mzee polepole. “Ile inatoka mu kinywa ya mutoto?”

“Na mimi,” akadakia Mama Katungu, “jina yangu umeikata kwa nini? Nilikukosea nini?”

Hapo Grady akajua ameharibu, ila hakujua wapi. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kifaransa kilimpanda hadi kooni, akakirudisha chini kwa nguvu.

“Papa, unihurumie. Minajifunza. Banasema ka ni ya kintu kadogo. Kamutoto. Kamawe. Mais Papa hapana kadogo! Papa iko mutu mukubwa, na Mama vile vile. Nikawaza, kumuita mukubwa na ka ni kumukosea heshima. Njo maana nikatoa ka.”

Mama Katungu ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka akashika mbavu, mashangazi wakamfuata, nyumba ikawa kelele tupu. Papa Kamate hakucheka. Aligeukia mlango wa jikoni.

“Bénite. Ulimufundisha ka ya tumawe tu?”

“Ndiyo, Papa.”

“Na ile ingine?”

Bénite akainamisha kichwa. Maana kule kwao ipo *ka* nyingine, ya mapenzi, ambayo mama humwita nayo mwanawe mwenye ndevu, na mke mume wake hata akigonga kichwa juu ya mlango. Hiyo aliiruka. Angeitungia sentensi gani bila kumtaja aliyekaa mbele yake?

Mzee akamwambia mkewe, “Basi, patia kamukwe ketu chai. Kametoka mbali, na kanasikia baridi.”

Mashangazi walipiga vigelegele. Lakini masikini Grady alisikia *ka* zikimwangukia moja baada ya nyingine, na kwa sheria yake mwenyewe zilikuwa na maana moja tu: kajitu, kajiwe, takataka ya kwenye kiatu. Amekataliwa mbele ya watu, na bado wanashangilia. Moyo ulimuuma sana. Akachukua kofia yake.

“Asanti, Papa. Nimesikia. Gamaliel, twende.”

“Unaenda wapi?” Bénite aliuliza. Aliweka sinia chini, sakafuni, akaja katikati ya sebule, mbele ya baba, mama na mashangazi wote. “Keti. Sikia sentensi.”

Grady akaketi.

“Kabwana kangu hapana jua Swahili,” alisema Bénite, machozi yakimshuka, “na minakapenda vile vile.”

Hakuna aliyecheka sasa. Grady alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika. Kofia ikamtoka mkononi.

“Rudia,” akasema Papa Kamate.

“Papa?”

“Wewe njo mwanafunzi. Rudia, ila semea upande yako.”

Grady alisimama akamgeukia Bénite. “Kabibi kangu,” akaanza, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Akajaribu tena, ikakatika tena. Mama Katungu akainuka, akamkalisha mwenyewe na kumwambia inatosha.