Miji ya Kale na Radhi ya Mdogo Wangu

Madam aliponiambia tunakwenda Jedda kwa gari, siku tatu, tukipitia miji ya kale, nilikuwa nasugua sufuria ya wali na nusura inidondoke. Kwao ilikuwa likizo. Baba, yaani bosi mwenyewe, siku zile alikuwa ameshikwa na wazimu wa magofu. Akiona ukuta wa udongo uliopasuka, macho yanamng'aa. Mimi magofu ya nini? Mimi nilikuwa na mdogo wangu Jedda, anafanya kazi nyumba moja mtaa wa Aziziya, na Ijumaa ya wiki ile ndiyo siku yake ya kurudi Mombasa moja kwa moja.

Miaka miwili tuko Saudia sote wawili, na hatujaonana hata siku moja. Mama akipiga simu kutoka nyumbani husema, "Mwangaliane, wanangu, si mko pamoja huko?" Pamoja! Kutoka Riyadh hadi Jedda ni siku nzima ya gari, na sisi hata dukani hatuendi bila ruhusa.

Tena ni mimi niliyemleta. Nalisema wazi kwa sababu limenitafuna vya kutosha. Nilikuwa mpweke, nikitaka mtu wangu karibu, nikamdanganya. Nilimwambia kazi ni kulea mtoto tu, chumba una chako, Ijumaa unatoka. Uongo mtupu, mimi mwenyewe sikuwa na hata kimoja katika hivyo. Akaja, akaangukia nyumba ya watu kumi na mmoja, analala jikoni juu ya godoro la sponji, anaamshwa alfajiri. Mwezi wa tatu alinipigia simu akaniambia, "Dada, umeniuza," akakata. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kama majirani waliogombana. Hujambo, sijambo, halas.

Kwetu mtu akisafiri huombana radhi na watu wake, na radhi huombwa ana kwa ana, umemshika mwenzio mkono. Ya kwenye simu si radhi, ni habari tu. Nilitaka nimshike mkono kabla hajapanda ndege nimwambie, nisamehe mdogo wangu, nilikudanganya. Basi. Sikuwa na haja nyingine duniani wiki ile.

Nikamwomba madam saa moja tu tukishafika Jedda. "Inshallah," akasema. Neno la Mungu hilo, sitalisema vibaya. Lakini nimekaa na watu wale miaka minne, najua inshallah ipi ni ndiyo na ipi ni nyamaza.

Siku ya kwanza ilikuwa Ushaiger. Nyumba za udongo, vichochoro vilivyoezekwa magogo ya mitende. Baba anasoma simu yake na kutuhubiria ni ukoo gani ulijenga nini. Mimi nyuma, mtoto wao wa miaka miwili na nusu begani, begi la nepi mkono wa pili, chupa ya kahawa kwapani. Picha zote nilipiga mimi. Sipo hata katika moja. Siku ya pili kijiji kingine, ukuta mwingine, kisima kikavu ambacho ilibidi kila mtu akichungulie.

Siku ya tatu, Alhamisi yenyewe, tukashuka mlima wa Taif. Mdogo wangu alikuwa amepewa ruhusa kutoka alasiri hadi magharibi; dereva wa nyumba yao angemleta Bab Makkah, lango la mji mkongwe, kwa kuwa baba alishasema huko ndiko tutakakoanzia. Sasa pale mlimani kuna nyani kando ya barabara. Baba akasimamisha gari ili watoto wakubwa wawape ndizi. Saa nzima! Wallahi, nyani wale walipewa saa yao bila kumwomba mtu ruhusa.

Tulifika mji mkongwe alasiri imeshakatika. Simu ikalia, sauti ya mdogo wangu: "Dada, nimefika. Nimevaa buibui jeusi, utanijua." Nikacheka peke yangu. Mtaa mzima umevaa buibui jeusi, mwanangu! Ndivyo alivyo tangu utotoni.

Lakini baba anataka kwanza aone nyumba. Nyumba yenyewe ya matumbawe, madirisha ya mbao yaliyochongwa; ungeniambia niko Mombasa Mji wa Kale ningekubali. Mtembeza wageni akatuonyesha sebule, akatuonyesha roshani. Chini ya ngazi palikuwa na kijichumba kisicho na dirisha, mlango wa kuinamia. Madam akauliza hiki cha nini. "Stoo," akajibu yule bwana, akapita haraka. Stoo gani ina kidaka cha taa na sehemu ya kulala? Mimi nimelala stoo, naijua ilivyo. Hapo alikuwa akilala mtu kama mimi.

"Yalla, nenda," madam akaniambia hatimaye, na haki yake nimpe, alisema kwa moyo. "Nusu saa." Nikamkabidhi mtoto.

Loo! Mtoto alipiga ukelele watu wakageuka. Akajitupa nyuma, akalia mpaka akatapika. Madam anamtikisatikisa tu, maskini, hajui hata anavyoshikwa. Na asijue kwa nini? Kwa sababu yangu. Mtoto yule alipozaliwa, madam alikuwa ameanza maneno ya kunibadilisha. Kina dada wa kazi niliokutana nao sokoni Batha, Riyadh, wakanifundisha: mtoto akikuzoea wewe peke yako, hurudishwi. Nikaifanya kazi hiyo kwa ustadi. Maziwa yake natia hiliki kidogo, siri yangu. Usingizi hamjii ila kwenye leso yangu. Mtu mwingine akimlisha, nasimama mlangoni anione, akatae. Nilimfunga kwangu makusudi, naye akafungika.

"Mchukue," madam akasema, machozi yanamlenga. Nikaenda naye.

Nilimwona mdogo wangu langoni kabla hajaniona. Amekonda, jamani. Vidole vimebabuka kwa dawa za kusafishia. Aliponiona alisahau yote, akaja na mikono wazi anikumbatie, na mtoto akamchapa kofi la uso na kuanza mayowe upya. Nikamshika mkono kwa mkono wangu mmoja uliobaki.

"Mdogo wangu, nimekuja unipe radhi. Nilikudanganya, nili..."

Mtoto akanishika shavu, akauvuta uso wangu kwake. Nami, Mungu anisamehe, uso ukageuka wenyewe. "Naam, habibi, nipo, nipo."

Nilipomrudia, alikuwa ananitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Adhana ya magharibi ikaanza, dereva wao akapiga honi. Akautoa mkono wake mkononi mwangu polepole.

"Mnyamazishe kwanza, dada."

Nikamnyamazisha. Kazi hiyo naiweza kuliko mtu yeyote. Nikamfunika leso, nikamwimbia, nikazunguka naye pale langoni mpaka akalala begani. Nilipoinua macho, gari lao lilikuwa limeshaondoka. Alipanda ndege kesho yake. Mpaka leo nikimpigia simu hupokea, hunijibu kwa adabu zote, ndiyo dada, sawa dada, kama anavyojibiwa madam.