Ukanda Mweupe Juu ya Mlango

Mtaani walimwita Bi Rula. Alichora ramani za majengo, na hata kitunguu alikikata kama anayepima. Mumewe alikuwa fundi wa mabango ya maduka, mtu wa rangi kwenye kucha na maneno mengi mdomoni. Walipooana, kazi zao nazo zikaoana. Wakawa wanatengeneza picha za mitaa ya mji, kila mtaa kwenye karatasi yake ndefu. Mke alichora nyumba ukuta kwa ukuta, akaacha ukanda mweupe juu ya kila mlango, kisha akampisha mumewe kitini aandike. Herufi za fundi cherehani zilipita kama uzi unaozama na kuibuka kitambaani; za kinyozi zilikuwa nyembamba, zenye makali. Aliyetazama alijua nani aliishi pale na mikono yake ilishinda ikifanya nini.

"Bila mimi nyumba zako ni bubu," mume alimtania.

"Na bila mimi herufi zako zingelala nje, baba."

Halafu mume akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza.

Wakati huo mtaa wao wenyewe ulikuwa umeanza kubomolewa, na ukumbi wa maonyesho ukawaomba picha yake. Bi Rula alichora peke yake, na kwa mazoea kila mlango akauachia ukanda wake. Binti yao akaona.

"Mama, herufi nitaziweka kwa kompyuta. Hakuna atakayejua."

"Baba yako atajua."

Baba alikuwa pale pale dirishani, shavu limelegea, akitazama vumbi la ubomoaji. "Siwezi," alisema, akiibeba kila silabi kama gunia. "Usinisubiri, mama."

Bi Rula aliinuka. Alimsogezea meza hadi ikamgusa magoti, akamtia brashi mkono wa kushoto, akamwonyesha ukanda wa duka la viatu. Juu ya duka hilo ndipo walipopanga chumba chao cha kwanza.

Herufi ya kwanza ilisimama. Zilizofuata ziliteleza, moja chini ya mwenzake, mpaka ya mwisho ikaangukia mlangoni. Akazifunika kwa kiganja. "Futa."

Bi Rula alichukua wembe wa kukwangulia wino. Mume akafumba macho. Lakini herufi hakuzigusa. Alikwangua paa, dirisha, na mistari yote aliyoinyoosha mwenyewe. Kisha akaweka rula kando, akaichora nyumba upya kwa mkono mtupu, ikiinama pamoja na herufi, bega moja chini, kama mwenye kuziandika.

Mume akafumbua macho, akaitazama kitambo. "Hiyo itaanguka."

"Si wanaiangusha wiki hii? Wacha iegemee kidogo."

Alicheka kwa nusu ya uso. Akauomba mlango wa pili, lakini brashi ikamponyoka, na alipookotewa hakuishika tena. Siku hiyo wala nyingine.

Picha ilitundikwa akiwa ameshazikwa. Watu waliipita taratibu, wakasimama kwenye ile nyumba iliyoinama, kisha wakaangalia mbele, kwenye kanda nyeupe zilizofuatana mlango hadi mlango.

"Mama," mgeni mmoja aliuliza, "hawa wengine walikuwa wamehama?"

Bi Rula alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hapana. Fundi hajawafikia."