Mkebe wa Nyuzi za Watoto

"Umesikia za Syprose?" Mama Onyiego aliniuliza akiwa upande wake wa ua, nami namwogesha Ogari kwenye karai. "Anaweka vichwa vya watoto wetu kwa mkebe."

"Vichwa?"

"Nyuzi, sasa! Si alimpima Ogari wako na uzi? Huo uzi ulienda wapi? Onyiego wangu alipimwa, wiki haijaisha akashikwa na kifua. Nimemwambia Mzee Omwenga. Kesho wazee wanamwita."

Ogari akapiga chafya. Nilimtoa majini haraka, na kofia yake nyekundu iliyokuwa inamngoja kitini nikaisukuma chini ya godoro.

Huyu Syprose si wa kwetu Gesima. Alitoka upande wa ziwa, akaja na mume aliyekuwa fundi wa kiwanda cha chai. Mume alifariki, yeye akabaki kwenye kile chumba cha kupanga, akiuza mitumba soko la Daraja Mbili. Sweta zilizotoboka, zile hakuna mtu anazitaka, huzirudisha nyumbani akazifumua, akafua uzi na kuuzungusha kwenye miguu ya stuli ukauke umenyooka. Halafu anafuma kwa spoku za baiskeli alizozichonga ncha. Shali yake mwenyewe ina rangi zote, kwa sababu ni ya mabaki. Uzi mzuri, ule laini, ni wa watoto wa wengine. Huku ukungu hukaa mpaka jua lipande sana, na akisikia mtu amejifungua anakuja kusalimia, anapitisha uzi kichwani mwa mtoto, anaukata kwa meno, anapiga fundo. Baadaye kofia inakuja. Ukimpa hata ndizi anakataa.

Hayo yote niliyajua, na bado kofia niliiacha chini ya godoro. Kwetu mtu akishaitwa mchawi hangojewi ajitetee. Nimeona nyumba iliyochomwa. Asubuhi yake tulipita hapo kama watu wasioona moshi.

Nikambeba Ogari mgongoni, nikachukua mtungi kwenda kuteka maji. Njiani nikamkuta shemeji yangu Anyona na wenzake wawili, wameshika dumu la petroli.

"Shemeji, leo mtoto hana kofia? Umeanza kuwa na akili!"

Wenzake wakacheka.

"Petroli ni ya nini?"

"Ya pikipiki."

Pikipiki yake imekaa kwenye mawe tangu Krismasi, haina hata injini. Nikaongeza mwendo, nikapita.

Njia ya kisimani inapita mlangoni kwa Syprose. Alikuwa amekaa hapo akifuma soksi, na kwa mara ya kwanza nikaona vitanzi vya uzi vinamponyoka.

"Mama Ogari, ingia."

Nilitazama nyuma kama kuna anayeniona. Nikasimama kizingitini, mguu mmoja ndani.

"Nimeambiwa kesho naitwa kwa Mzee Omwenga, na kila ninayemsalimia leo anageuza uso," akasema. "Hata wewe umemvua mtoto kofia."

Nikamuuliza, "Mama, nyuzi unaziwekea nini?"

Akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufungua. Kila uzi ulikuwa umefungiwa kipande cha rangi ya kofia yake. "Huu wa kijani ni wa Onyiego. Huu mwekundu wako. Namba za tepu ya kupimia sizijui, nyathina, mwanangu. Mtoto akikua, natoa uzi wake naongeza vidole viwili, nafuma nyingine. Ni hivyo tu."

"Basi zichome! Zichome sasa, kabla ya kesho!"

Akaurudisha ule uzi mwekundu mkebeni.

"Nikizichoma, si watasema nimechoma watoto?"

Ogari alikuwa ananyonya kidole mgongoni mwangu. Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe, uzi wake ungeingia motoni, nisingelala.

Syprose akafunika mkebe, akaunyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Mkononi mwangu hakuna mama atapokea kitu. Wewe ni wa hapa, na una mtoto. Kesho kwa Mzee Omwenga ubebe huu mkebe, umrudishie kila mama uzi wa mtoto wake, wote wakiona. Na tafadhali, mwanangu, umvalishe Ogari kofia."